Kaya Elfu Tisa za Mheshimiwa Waziri

Iko nchi moja iitwayo Tosha. Haimo katika ramani uliyosomea shuleni, na ukidhani umewahi kupita huko, basi umefananisha. Ni nchi ya amani, yenye mvua za kadiri na mawaziri wengi, na wananchi wake ukiwauliza hali hujibu, "Tunashukuru." Kwa miaka mingi wageni wamekuwa wakiondoka na neno hilo wakiamini kwamba wamejibiwa.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke mmoja, Stamili Mahimbo, mdadisi wa Ofisi ya Takwimu. Mdadisi ni mtu anayepita mlango hadi mlango akiwauliza watu wanakula nini, wanalala juu ya nini na wanapata kiasi gani. Stamili alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na sita. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu, asiyeweza kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Marehemu mama yake alizoea kusema mtoto huyu alizaliwa na siafu kwenye nyayo. Hakuwa na mume wala gari, lakini alikuwa na kitu ambacho ofisini kwao kilichukuliwa kama maradhi madogo: alitaka majibu yawe ya kweli.

Sasa, mwaka huo lilizuka tatizo. Rais wa Tosha alikuwa ameahidi katika hotuba kwamba ifikapo sikukuu ya taifa nchi ingekuwa imeingia kwenye kundi la nchi za kipato cha kutamanisha, na sare za sherehe zilikuwa zimeshashonwa. Kumbe utafiti wa mwisho wa kaya ulionyesha kuwa watu wanapata kidogo kuliko zamani. Baraza la Mawaziri lilikaa siku mbili mfululizo kulitafakari jambo hilo, likatoka na kauli moja: wananchi si maskini, wamepimwa vibaya.

Ofisi ya Takwimu ikaagizwa iboreshe vipimo. Mkurugenzi Mkuu, Dakta Ngwale, akaweka sanduku la maoni mlangoni. Baada ya wiki mbili likafunguliwa, likakutwa na maombi mawili ya mkopo na karatasi moja ya Stamili.

Karatasi hiyo aliiandika kwa uchungu wa siku nyingi. Alikuwa amechoka na lile swali lao la miaka yote, ambalo aliulizwa baba wa nyumba peke yake: kwa mwezi unapata kiasi gani? Alikuwa amewaona akina baba wakikuna kidevu, wakitazama paa, kisha wakitaja namba iliyowajia. Hawakuwa waongo. Hakuna mwingine aliyewahi kuwauliza, na wao wenyewe hawakuwahi kujiuliza, kwa sababu pesa katika nchi ya Tosha haiji kwa mwezi. Huja kwa vipande: leo elfu mbili, kesho hakuna, keshokutwa debe la mahindi kutoka kwa shemeji. Na wakati baba anataja namba yake, mkewe anapita nyuma na ndoo ya togwa ya kuuza, na binti yuko uani anamsuka mtu nywele kwa malipo, na hao wawili hawamo kwenye hesabu.

Basi Stamili akapendekeza mambo machache. Kila mtu mzima wa nyumbani aulizwe peke yake. Aulizwe juu ya wiki iliyopita, ambayo anaikumbuka, na arudiwe msimu mwingine. Chakula alichokilima mwenyewe nacho kihesabiwe. Na mtu akiuza kitu, zitolewe kwanza gharama alizotumia, ndipo kinachobaki kiitwe kipato.

Dakta Ngwale alimwita ofisini. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliyezungumza kama anayesoma maandishi yaliyoko ukutani nyuma yako.

"Takwimu ni kioo cha taifa, Bi Stamili," alimwambia. "Na kioo huwekwa mahali penye mwanga mzuri."

Akampongeza, akamwambia kwamba karatasi yake imekubaliwa. Stamili alitoka pale akiwa hajui aiweke wapi furaha yake. Alitembea kwa miguu hadi kwao, maili nne, ilhali nauli alikuwa nayo.

*

Karatasi ile ilipelekwa kwenye warsha ya siku kumi katika hoteli moja kando ya ziwa, ikaenda ukurasa mmoja ikarudi kurasa mia mbili na kumi na mbili. Iliitwa Mwongozo wa Upimaji Ulioboreshwa. Stamili, aliyealikwa siku ya mwisho, aliusoma amesimama kwenye dirisha la hoteli, na kadiri alivyofunua ndivyo miguu ilivyomwasha.

Kila mtu mzima aulizwe peke yake: hilo lilikuwemo. Chakula cha shambani: kilikuwemo. Lakini wataalamu walikuwa wameona mbali zaidi yake. Mtu anayelala kwenye nyumba yake mwenyewe, walisema, amejipangisha, kwa hiyo kodi anayojilipa ni kipato chake. Mwanamke anayejichotea maji kisimani amejilipa ujira wa mchota maji. Anayemlea mtoto wake ameokoa mshahara wa yaya, na alichookoa amekipata. Unga wa msaada ni kipato. Zawadi ni kipato. Chochote kinachoingia mlangoni bila kupigiwa kelele ni kipato.

Kuhusu gharama, hakukuwa na neno. Stamili alimfuata Dakta Ngwale kwenye meza ya matunda, akamuuliza kipengele hicho kimekwenda wapi. Dakta akamjibu kwa huruma kwamba kilijadiliwa saa tatu nzima, ikaonekana kuwa gharama hupunguza kipato, na kazi waliyopewa ilikuwa ya kuboresha. Viongozi peke yao ndio wangetolewa gharama, kwa kuwa maisha yao yana majukumu.

Stamili alitaka kusema jambo. Lakini wakati huohuo alikuwa akitangazwa kwa kipaza sauti mbele ya washiriki kuwa ndiye Mama wa Mbinu, akakabidhiwa shada la maua ya plastiki, watu wakapiga makofi. Akajiambia kwamba nusu ya kipimo kizuri ni afadhali kuliko swali lile la zamani. Tangu siku hiyo hakulala usingizi wa kushiba.

*

Utafiti ulianza. Ofisi ilikuwa na mashine iliyochagua nyumba za kuulizwa bila kumtazama mtu usoni, na kwa Stamili ilichagua, pamoja na nyingine, nyumba ya Mwajabu Ngoda katika Mtaa wa Subirini.

Mwajabu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mkaanga vitumbua, mwenye watoto watatu. Alikuwa mjane wa wiki tatu tu; mumewe alianguka kutoka kwenye jengo alilokuwa akilipiga plasta. Mtoto wake wa pili, Mwanahawa, wa miaka tisa, alikuwa na ugonjwa wa selimundu, ule wa damu unaokuja na maumivu ya mifupa, na alitibiwa bure kwa kadi ya msamaha ambayo serikali ya Tosha iliwapa wasiojiweza. Wasiojiweza hawakuitwa hivyo, kwa sababu neno hilo lilikuwa limepigwa marufuku. Waliitwa Wanaoelekea. Juu yao walikuwepo Wanaokaribia, na juu kabisa Waliofika.

Mwajabu alimkaribisha Stamili kwenye kigoda, akajibu kila swali bila kuficha kitu, kwa sababu Stamili alimwomba hivyo na alikuwa na uso wa kuaminika. Anauza vitumbua vya elfu kumi na tano kwa siku. Mchele, nazi, mafuta, sukari na mkaa vinakula karibu yote, lakini hapo Stamili hakuwa na mahali pa kuandika. Nyumba ni yake, chumba na ukumbi. Maji anachota mwenyewe. Na je, katika mwezi huu umepokea zawadi au msaada wowote wa fedha? Mwajabu akasema ndiyo, majirani na mafundi waliofanya kazi na marehemu walichanga rambirambi, laki tano na ishirini elfu, na nyingi iliishia kwenye sanda na chakula cha watu.

Stamili aliingiza rambirambi kwenye kishikwambi chake kidole kikisita. Kishikwambi kikachukua pesa ya mwezi ule kikaizidisha mara kumi na mbili, kana kwamba mume wa Mwajabu angekufa kila mwezi. Kisha kikajumlisha kodi aliyojilipa, maji aliyojiuzia na watoto aliojilelea, kikawasha taa ya kijani. Mwajabu Ngoda alikuwa Amefika.

*

Majina yalipelekwa kwenye kata kila Ijumaa, ili wananchi wasicheleweshewe maendeleo. Hazikupita wiki tatu Mwajabu akasimama kwenye lango la Ofisi ya Takwimu na kanga yake ya kazi, inanuka mafuta. Hakupiga kelele. Alieleza kwamba alimpeleka mtoto kliniki, karani akamnyang'anya kadi, akampa mkono wa hongera.

"Dada, nilikujibu kweli tupu," alisema. "Niambie nilikosea wapi."

Stamili alimshika mkono, wakaenda pamoja kwenye dawati la malalamiko, na huko wakaelezwa utaratibu kwa adabu kubwa. Ikiwa kaya inadai kuwa rambirambi haitapatikana tena, ilete uthibitisho wa maandishi. Wakaenda kwa msajili wa vifo. Msajili, mzee mwenye miwani miwili, mmoja puani mmoja kwenye paji la uso, aliitazama hati ya kifo pande zote mbili akasema iko sawasawa. Stamili akamwomba basi aandike kwamba rambirambi haitarudi.

"Mama, hati inathibitisha kwamba alikufa," mzee alimjibu. "Haithibitishi kwamba hatakufa tena."

Walizunguka hivyo siku nne. Stamili alianza kuamka kabla ya jogoo, akifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Kila alipofumba macho alikiona kile kidole chake mwenyewe juu ya kioo, kinasita, halafu kinabonyeza.

*

Katikati ya hayo mashine ya ofisi, ile isiyotazama mtu usoni, ikachagua nyumba namba moja, Barabara ya Heshima. Humo aliishi Waziri wa Ustawi, Mheshimiwa Lukali Tondwe, ambaye wizara yake ndiyo iliyokuwa ikigawa unga na kadi. Wadadisi wengine wote waliugua siku hiyo. Dakta Ngwale akamtuma Stamili, kwa kuwa yeye ndiye Mama wa Mbinu.

Mheshimiwa alimpokea kwenye ukumbi wenye makochi ya kutosha msiba wa kijiji. Alikuwa mtu mchangamfu. Alisema anaunga mkono utafiti kwa asilimia mia moja na zaidi, kisha akajibu maswali kwa unyenyekevu uliomshangaza Stamili. Nyumba hii si yake, ni ya serikali. Magari yale ni ya serikali pia. Mabasi yanayofanya safari za mikoani ni ya mke wake. Machimbo ya kokoto ni ya shemeji. Ng'ombe walioko mashambani ni wa marehemu mama yake, ambaye hakuacha maagizo. Yeye binafsi ana mshahara tu, na mshahara wenyewe huishia kwenye harusi na misiba ya jimboni.

"Mimi ni mtumishi," alisema. "Mtumishi hana chake, dada yangu."

Stamili aliandika alivyoambiwa. Kishikwambi kikatoa gharama za majukumu, kikabaki na chini ya sifuri, kikawasha taa nyekundu. Mheshimiwa Waziri alikuwa Anaelekea. Ijumaa iliyofuata kata ikampelekea kadi ya msamaha wa matibabu na magunia mawili ya unga, na kwa kuwa watu wa kata ni waungwana, walimbebea hadi stoo.

Habari hiyo ilimfikia Stamili akiwa anakula. Aliacha sahani, akatoka, akazunguka mtaa wao mara tatu. Kisha akarudi ndani akautafuta Mwongozo, akaufungua ukurasa wa tisa, na pale akaiona sentensi yake mwenyewe, haijaguswa, imesalimika katikati ya kurasa mia mbili: kila mtu mzima anayelala chini ya paa hilo na kula kutoka chungu hicho aulizwe peke yake.

Hakumwambia mtu. Alingoja hadi Mheshimiwa aliposafiri kwenda kwenye kongamano la kupambana na umaskini, akarudi Barabara ya Heshima na kishikwambi chake, akamuuliza kwanza mke wa waziri.

Mama huyo alikuwa amekaa peke yake siku nyingi. Alipoambiwa kuwa ataulizwa yeye kama yeye, na wala si kama mke wa mtu, alinyanyuka akafunga mlango, akazungumza saa mbili bila kunywa maji. Mabasi kumi na manne. Nyumba za kupangisha ishirini na moja, tisa kati yake kwenye mtaa ambao barabara yake ililetwa na mumewe. Mpishi, aliyelala chumba cha nyuma, naye akafunguka: kila siku jikoni hushushwa mbuzi, magunia ya mchele na samaki kutoka kwa watu wenye shida na mheshimiwa, wala hajawahi kutumwa sokoni kununua zaidi ya pilipili. Mwisho alikuwa mlinzi, Mzee Chonya. Stamili alimwamkia, akaketi naye kwenye benchi la getini. Mzee akasema amekaa pale miaka kumi na moja na hajawahi kuulizwa hata saa ngapi sasa. Anachojua ni kwamba kuna wageni ambao huingia na begi wakatoka bila begi, na kwa wiki hawapungui wanne. Wawili kati yao humpa shikamoo na hela ya soda. Na mmoja, wa kampuni ya barabara, siku moja alikosea njia akamfungulia begi yeye, akidhani ndiye mwenye nyumba.

Stamili aliandika yote kwa wiki, kwa mwezi, kwa msimu, kama alivyokuwa akiota kuandika miaka kumi na sita. Jumla ilipokuja, kishikwambi kiliishiwa nafasi za tarakimu, ikabidi apige simu kwa mafundi wamwongezee tatu. Walimwongezea bila kuuliza. Akabonyeza kutuma akiwa amesimama palepale getini, na safari hii kidole hakikusita.

*

Alirudi nyumbani kungoja kukamatwa. Alifungasha kanga mbili, mswaki na dawa zake za presha, akamwomba jirani amwangalizie kuku. Siku ya kwanza hawakuja. Siku ya pili hawakuja. Alikuwa akisikia gari anasimama, likipita anakaa, akikaa anasimama. Siku ya tano akaitwa na Dakta Ngwale. Akabeba mfuko wake akaenda.

Dakta alimkumbatia. Macho yake yalikuwa yamelowa kweli. Akamwambia kwamba kipato cha wastani cha nchi ya Tosha kimepanda mara tatu kwa mkupuo mmoja, na hayo yote yameletwa na jibu moja kutoka Barabara ya Heshima.

Stamili alisema kwamba hiyo ni nyumba moja tu. Dakta akamketisha, akamweleza kwa upole kile ambacho wadadisi wa mitaani hawaelezwi. Kaya zilizoulizwa ni mia saba, na nchi ina mamilioni ya kaya. Kwa hiyo kila kaya iliyoulizwa husimama kwa niaba ya kaya elfu tisa zisizoulizwa. Nyumba ya Mheshimiwa nayo ilikuwa imesimama hivyohivyo.

"Kwa hesabu, Bi Stamili," alisema, "tunazo kaya elfu tisa kama ile."

Stamili alijaribu kuwaza mawaziri elfu tisa, akashindwa. Alikuwa amechimba kisima ili maji yaonekane, na sasa wakubwa walikuwa wakiwasukumia watu ndani.

Matokeo yalitangazwa uwanjani kwa ngoma, watu wakiwa wamevaa zile sare. Rais alieleza kwamba Tosha imefika, na kwa kuwa imefika, hapakuwa tena na haja ya unga wa ruzuku wala kadi za msamaha, ambazo zingewadhalilisha watu waliofika. Wananchi walipiga makofi kidogo, wakitazamana. Ruzuku ikafutwa nchi nzima kuanzia Jumatatu.

Jumatano Mwanahawa akashikwa na maumivu. Mwajabu aliuza kikaango na jiko la mkaa, na pesa ile ikatosha kumfikisha mtoto hospitali na kumlaza siku moja. Siku ya pili wakaambiwa waachie kitanda. Stamili alipopata habari alikwenda mbio akiwa na posho yake ya ile warsha ya ziwani, ambayo hakuwa ameigusa, maana kila alipoitazama aliona aibu. Akailipa yote dirishani. Ilinunua damu chupa mbili na siku sita za kitanda. Siku hizo sita Stamili hakukaa hata mara moja. Alikuwa akitembea kwenye ujia wa hospitali, kutoka mlango wa wodi hadi kwenye bomba la maji na kurudi, mpaka wauguzi wakaanza kumpa salamu kama mfanyakazi mwenzao.

Mwajabu ndiye aliyemsimamisha. Alimshika kiwiko akamwambia mtoto amekunywa uji, na ameomba mwingine. Stamili akaegemea ukuta akalia kwa muda mrefu, na Mwajabu akamwacha alie, hakumwambia nyamaza.

*

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyogeuka, maana hakuna aliyeyageuza kwa kusudi.

Hazina ya Tosha ilikuwa imeyasoma matokeo ikayaamini, ikawa ndiyo idara ya kwanza kufanya hivyo katika historia ya nchi. Ikapiga hesabu ya kodi itakayotoka kwenye kaya elfu tisa za aina ya Barabara ya Heshima. Ikaagiza kwa deni viti vipya vya bunge, vya kuzunguka. Kisha maofisa wa kodi wakasambazwa nchi nzima wakiwa na picha ya nyumba ya Mheshimiwa, watafute zinazofanana nayo. Walitembea mabondeni na milimani, wakagonga milango ya tembe na mabanda wakiilinganisha na picha. Baada ya wiki tano wakarudi na taarifa kwamba wameiona moja.

Wakaigonga hiyo. Wakamweleza Mheshimiwa Tondwe kwamba serikali imeshatumia pesa, kwamba kaya elfu tisa lazima zilipe, na kwamba mpaka hizo nyingine zitakapopatikana, yeye anaombwa kwa heshima azisimamie. Wakamwachia hati ya madai yenye tarakimu nyingi kama zile za kishikwambi.

Baraza la Mawaziri liliitwa siku hiyohiyo. Halikuhitaji siku mbili. Saa moja ilitosha. Likatamka kwamba utafiti ulikuwa na kasoro, kwamba wananchi wa Tosha ni maskini kama walivyokuwa, na yeyote anayesema wamefika ni mchochezi. Matokeo yakafutwa, Mwongozo ukachomwa, unga na kadi vikarudishwa kwa orodha ya zamani. Mwajabu akapata kadi yake, na karani yuleyule aliyempa mkono wa hongera akampa mkono wa pole.

Viti vya kuzunguka vilikuwa vimeshawasili, vikafungwa bungeni.

Dakta Ngwale akapandishwa kuwa balozi. Stamili akaandikiwa barua ya kuachishwa kazi. Kosa lake lilielezwa kwa mstari mmoja: kupima kupita kiasi. Aliisoma akiwa amesimama, kisha kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akavuta kiti, akaketi, akaisoma tena.

*

Stamili hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Alikuwa na akiba kidogo, akamnunulia Mwajabu kikaango na jiko jipya, na alfajiri wakawa wanakaanga pamoja, huyu akisaga mchele na yule akigeuza. Wakapanga kwamba kikibaki kitu wagawane nusu kwa nusu, na mara nyingi kitu kilibaki, kidogo. Mwanahawa akarudi shule. Stamili akajifunza kukaa kwenye kigoda nusu saa nzima bila kuinuka, ingawa vidole vya miguu viliendelea kucheza ndani ya kandambili.

Mwaka uliofuata ukaja utafiti mwingine, kwa ule utaratibu wa zamani. Asubuhi moja alifika mdadisi mgeni, mwanamume wa makamo aliyestaafu ualimu, amebeba dodoso kwenye faili la karatasi. Alisalimu vizuri. Alionekana ametembea sana. Akasimama mbele ya jiko, moshi ukimpiga usoni, akamuuliza Mwajabu kwa mwezi wanapata kiasi gani katika nyumba hii.

Mwajabu aligeuza vitumbua kimoja baada ya kingine mpaka vikaisha kikaangoni.

"Hapa hakuna kinachopatikana, mwalimu," alisema. "Tunashukuru tu."

Mdadisi alitazama kikaango, akatazama sinia lililojaa, akatazama watu watatu waliokuwa kwenye foleni na vyombo vyao. Kisha akamgeukia Stamili, kama utaratibu unavyotaka, akamuuliza yeye aliye jirani kama hayo ni ya kweli. Stamili alikuwa amekula mkate wake miaka kumi na sita kwa maswali kama hayo. Alijua ni nini kinachompata mtu akidanganya, na alijua ni nini kinachompata akisema kweli.

Akachukua kitumbua cha moto kwenye sinia, akakitia mdomoni chote, akawa anatafuna.

Mwalimu yule alimngoja kidogo. Halafu akainama, akaandika kwa mwandiko mzuri wa ubaoni kwamba kipato hakuna, akapiga mstari chini yake kwa rula. Akafunga faili, akaliweka kwapani, akatoa noti ya elfu moja mfukoni, akaomba afungiwe vitatu vya moto, na akasimama pembeni kungoja chenji.